Mikono Haisahau

Sayansi ya utambuzi huchunguza jinsi akili inavyojua, inavyokumbuka na inavyofikiri. Niliposomea fani hiyo katika shahada ya uzamili, niliketi darasa moja na wanafalsafa, wanaisimu, wanasaikolojia na wataalamu wa kompyuta, kila mmoja na istilahi zake.

Kilichoniingia moyoni ni habari za Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 ili atibiwe kifafa. Tangu hapo hakuweza kuhifadhi kumbukumbu ya jambo jipya. Hata hivyo, mtafiti Brenda Milner alipompa kazi ya kuchora nyota huku akitazama kiooni, mkono wake ulizidi kuwa hodari siku hadi siku, ingawa kila siku yeye aliona ndiyo mara ya kwanza.

Wakati huo bibi yangu alikuwa amekwisha kulisahau jina langu. Nyumbani wakisema, "Bibi tulishampoteza." Niliporudi likizo nilimwekea miyaa mapajani, akasuka ukili bila kukosea hata mkunjo mmoja.

Kumbukumbu ni nyumba yenye vyumba vingi. Mlango mmoja ukifungwa, si haki kusema mwenye nyumba amehama.