Damu ya Mzee

Gari la marehemu baba lilikuwa na ile rangi ambayo Kiswahili cha mtaani kinaiita damu ya mzee. Nyekundu iliyokolea mpaka ikakaribia weusi. Lilikuwa Corolla, alilinunua mwaka 2008 likiwa limeshatumika, na mtaa wetu mzima pale Tabata ulilijua kwa rangi hiyo. Watoto wakiliona linakata kona walikuwa wanasimamisha mpira na kupiga kelele, "Mzee huyo!" Hawakusema gari hilo. Walisema mzee huyo.

Alipofariki nikaanza kuliendesha mimi. Jioni ya kwanza niliyorudi nalo nyumbani, mama alikuwa barazani anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akainuka, akatembea mpaka getini. Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo alipoona ni mimi. Hakusema kitu. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Wiki ya tatu akaniita chumbani kwake.

"Mwanangu, hilo gari ama uliuze, ama ulibadilishe rangi. Mimi siwezi kufiwa kila siku saa kumi na mbili jioni."

Kuuza sikuweza. Kupiga rangi nako nilikuogopa, maana fundi wa gereji hukwangua kwa msasa kabla hajapuliza yake, na kilichokwanguliwa hakirudi. Nilitaka kitu kinachobanduka. Ndipo nikafikiria stika, zile wanazovishwa magari siku hizi kuanzia boneti mpaka buti. Mafundi wa kazi hiyo mjini wapo, lakini bei zao zilinishinda. Nikaamua kubandika mwenyewe, nikisaidiwa na mdogo wangu na video za intaneti.

Shangazi alipopata habari alinipigia simu usiku. "Kwa hiyo unamfunika kaka yangu?" Nikamwambia nafunika gari, shangazi. "Kwa rangi gani?" Nikasema kijivu, ile isiyong'aa. Akanyamaza kidogo. "Umetoa damu, ukaweka jivu. Haya." Akakata simu.

Maneno yale yalinikaa, kwa sababu alichosema ni kweli hata kisarufi. Kijivu ni jivu, kijani ni jani, kahawia ni kahawa. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyokubali kuvaa upatanisho wa nomino: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema gari jeupe, mlango mweusi, nyumba nyekundu. Rangi nyingine nyingi tunaziazima kwenye vitu, halafu tunaziunganisha kwa -a: gari la kijani, mlango wa kahawia. Nilisoma hayo shuleni nikayasahau. Yalinirudia nikiwa nimepiga magoti kwenye zege, nasugua bampa kwa sabuni, nikijiandaa kutoa rangi iliyoota kwenye jina na kuweka ya kuazima.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hivi. Stika za gari zipo za aina mbili kubwa. Kuna iliyobanwa kwa rola mpaka ikawa karatasi. Hiyo ni nene na ina kumbukumbu, ukiivuta kwenye kona leo, kesho inataka kurudi ilikotoka. Na kuna iliyomiminwa ikiwa majimaji kisha ikakaushwa. Hiyo ni nyembamba, pamoja na gundi yake haifiki milimita 0.1, na inakubali kulala kwenye mikunjo ya bodi. Nilinunua hiyo ya pili, roli la upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 18. Mgongoni ina vijifereji vidogo mno vya kupitishia hewa, kwa hiyo povu likijitokeza unalisukuma kwa kibao cha plastiki chenye kitambaa laini ukingoni mpaka linatokea pembeni.

Adui ni vumbi, na Dar hiyo si habari. Tulifunga turubai pande tatu za banda la uani, tukamwaga maji sakafuni, tukaosha gari, tukalifuta kwa spiriti mpaka kitambaa kikawa kinatoka safi. Bado chembe ziliingia. Chembe moja ya mchanga chini ya stika inasimama kama chunusi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba stika haifichi kitu. Rangi inabadilika, ndiyo, lakini kila kipele, kila bonde, kila kidonda cha zamani kinachorwa upya juu yake. Ukitaka kisionekane, kitibu kwanza.

Paa na boneti vilitupotezea siku nzima. Nilianza na draya ya saluni ya rafiki yangu, joto lake halikutosha. Ikabidi tuazime ile mashine ya mafundi ya kupuliza hewa ya moto. Kwenye mabonde na kwenye kingo, ukishabandika unarudi kupasha moto mkali, karibu nyuzi 90 au 100, ili stika isahau umbo lake la awali. Vinginevyo baada ya wiki inajibandua yenyewe. Vioo vya pembeni niliharibu vipande vitatu kabla sijapatia. Mdogo wangu alikuwa anacheka, anasema tunalivisha gari sanda. Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza kweli.

Siku ya tatu tukafika mlango wa nyuma, kushoto.

Niliulaza ule upande vibaya, mkunjo ukaingia. Badala ya kupasha moto taratibu, nikavuta stika ikiwa baridi, kwa hasira ya mtu aliyechoka. Ikatoka na rangi. Kipande cha damu ya mzee, kikubwa kama sarafu, kilibaki kwenye gundi. Na pale kilipotoka, mlango ulikuwa mweupe.

Si weupe wa rangi ya msingi. Ulikuwa weupe unaong'aa, rangi kamili ya gari jingine. Nikakwangua pembeni kidogo kwa kucha, weupe ukaendelea. Milango mingine niliikagua kwenye michubuko yake ya zamani: haikuwa na weupe wowote. Mlango huu ulitoka kwenye Corolla nyingine, ukapakwa rangi ifanane, na aliyepaka hakukwangua vizuri.

Nikamfuata mama jikoni, nikamwonyesha kile kipande. Alikiangalia, akafuta mikono kwenye kanga.

"Amekuficha miaka yote hiyo," akasema. "Basi na mimi nimechoka kuficha. Kaa."

Mwaka 2011 baba alipunguzwa kazi kiwandani. Mwaka huohuo ndio niliingia chuo. Sisi watoto tuliambiwa amehamishiwa zamu ya usiku. Kumbe kila jioni alikuwa anaondoka na Corolla kwenda kubeba abiria. Teksi bubu. Namba ya njano, hana leseni ya kazi hiyo, anategea watu wanaotoka baa na wanaoshuka mabasi ya usiku, jicho moja kwa mteja na jingine kwa trafiki. Hakufanyia Tabata. Alivuka mji mzima kwenda kupaki Mwenge, kwa sababu rangi ile ilikuwa inajulikana. "Angesimama hapa kituoni nusu saa tu," mama akasema, "kesho yake kila mtu angejua mzee fulani amekuwa dereva teksi."

Usiku mmoja wa mwaka 2012 alisinzia kwenye usukani, akapigwa ubavuni na ukingo wa kalavati. Nyuma hakukuwa na abiria, Mungu alisaidia. Alinunua mlango uliotumika, ukapakwa rangi haraka haraka, na ndani ya siku mbili gari likarudi nyumbani likiwa lilelile. Mimi nilikuwa chuoni. Ningekuwepo pia nisingejua.

"Ada ulidhani inatoka wapi?" mama akauliza. Hakuuliza kwa ukali.

Nina picha ya mahafali yangu, mwaka 2014. Mimi nimevaa joho, nacheka. Nyuma yangu, kwenye viti vya wazazi, baba amelala usingizi, mdomo wazi, tai imekwenda upande. Kwa miaka mingi picha hiyo ilikuwa kichekesho cha familia. Kila sikukuu yake ya kuzaliwa niliituma kwenye kundi letu la simu na maneno yaleyale: mgeni rasmi wetu. Yeye alikuwa anajibu kwa kucheka. Hata mara moja hakuniambia alikuwa ametoka Mwenge alfajiri ile.

Nilimwambia mama sitaendelea. Gari libaki nusu na nusu, au nibandue vyote. Akanikatalia.

"Baba yako angekuwa na stika hizo, asingekuwa anavuka mji kwenda kujificha. Usiniletee maneno ya kwamba rangi ile ilikuwa yeye. Rangi ile ilimtesa. Kamalizie."

Nikarudi uani. Ule ukingo uliolegea niliubana vizuri ili stika ipate pa kushika, lakini lile shimo la sarafu sikulijaza puti. Nikapasha moto, nikalaza, nikasukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni kama video zinavyoelekeza. Asubuhi hulioni. Jioni jua likilala, mwanga ukipita ubavuni mwa gari, linaonekana: kibonde kidogo, unakijua ukiwa umeambiwa.

Kadi ya gari ina sehemu ya rangi, kwa hiyo ukibadilisha unatakiwa kuripoti ili kadi nayo ibadilike. Usipofanya hivyo unampa trafiki cha kuzungumza nawe barabarani. Nilifanya. Afisa aliniuliza sababu ya kubadilisha, nikajibu ya kifamilia.

Jioni ya kwanza niliyoingia mtaani na gari la kijivu, watoto hawakusimamisha mpira. Ilibidi nipige honi ndipo wapishe. Nilipofika nyumbani mama alikuwa barazani na ungo wake, akaangalia getini kama anavyoangalia gari la mgeni, akaendelea na mchele. Ndicho alichoomba. Nilikaa ndani ya gari muda kidogo kabla ya kushuka kufungua geti mwenyewe.

Wanasema stika nzuri hudumu miaka kadhaa, na kwenye jua letu boneti na paa ndivyo vitakavyotangulia kuchakaa. Haifai kungoja mpaka gundi ikakamaa. Siku itafika nitaipasha moto na kuivuta polepole, na damu ya mzee itakuwepo pale chini, labda imebaki nzuri kuliko ilivyokuwa. Hapo sijui tutaamua nini.

Jumapili iliyofuata nilimpeleka mama kwa shangazi. Alifungua mlango wa nyuma, wa kushoto, ndiko anakopenda kukaa. Kwenye fremu ya mlango, kule ndani ambako hatukubandika, kulikuwa bado na nyekundu ile iliyokolea. Akaigusa kwa kidole.

"Hapa umesahau."

"Stika haifiki huko, mama."

Inafika, ukitaka. Akaniangalia kidogo, akaingia, akafunga mlango taratibu.