Nuru Iliyoandikwa Ubavuni mwa Kasha

Miongoni mwa vitu ambavyo jamaa zetu walioko nyumbani hutuagiza sana sisi tuishio Uingereza, projekta imekwisha kushika nafasi ya mbele: madrasa yaitaka kwa darsa, mwenye ukumbi aitaka kwa picha za maarusi, na mwenye kibanda umiza aitaka kwa mpira wa Jumamosi. Na kwa kuwa jicho la mnunuzi hukimbilia ile namba kubwa iliyochapwa ubavuni mwa kasha, naona ni wajibu kueleza namba hiyo ni kitu gani, maana ndiyo inayowadhulumu watu wengi, huku na huko.

Nuru itokayo kwenye lenzi hupimwa kwa lumeni. Mwaka 1992 taasisi ya viwango ya Marekani, ANSI, iliweka kanuni ya kuipima: picha nyeupe tupu huangazwa ukutani, eneo lake likagawanywa mafungu 9 yaliyo sawa, kipima mwanga kikawekwa katikati ya kila fungu, kisha wastani wa vipimo hivyo ukazidishwa kwa ukubwa wa picha katika mita za mraba. Shirika la ISO nalo likatoa kanuni yake, namba 21118. Kwa hiyo hesabu iliyofuatwa na neno ANSI au ISO ni hesabu yenye shahidi. Ama namba iliyoandikwa lumeni peke yake, au lumeni za chanzo, aghalabu ni nuru ya taa ikiwa ingali tumboni mwa mashine, kabla haijapita katika vioo na lenzi ambamo sehemu kubwa hupotea. Na mara nyingine si nuru ya kitu chochote, bali ni namba iliyotungwa ili ishinde ya jirani. Ni sawa na kuuziwa mchele kwa pishi ambayo ujazo wake aujua muuzaji peke yake.

Jamaa yangu mmoja wa Tanga alinitumia picha ya kifaa alichoonyeshwa Kariakoo, chepesi, cha kubebwa kwa mkono mmoja, kasha lake likidai lumeni 9,000. Nikamwomba akigeuze asome kibandiko cha nyuma, naye akakuta wati 60. Hapo hoja ilikwisha. Projekta nzuri za leo, za balbu hata za leza, hutoa ukutani lumeni 10 hadi 20 hivi kwa kila wati ya umeme. Basi hata tukikikirimu kifaa kile kiwango cha juu, wati 60 hazizai zaidi ya lumeni 1,200, na vifaa vya jinsi ile, vyenye kioo kimoja cha LCD, aghalabu hutoa mia mbili au mia tatu tu. Kibandiko cha umeme ni kidogo na hakina mapambo, lakini ni nadra kusema uongo.

Wenyeji wa Uingereza hawatuzidi maarifa katika jambo hili, na makasha ya hadaa yauzwa mitandaoni hapa kama yauzwavyo kwetu. Wanachotuzidi ni marejeo. Kanuni za mwaka 2013 zampa anunuaye mtandaoni siku 14 tangu kupokea kitu aweze kukirudisha pasipo kutoa sababu, na Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 yampa siku 30 za kukikataa kisicholingana na sifa alizotajiwa. Tanzania nayo ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ikatazayo hadaa katika biashara. Walakini mnunuzi hupewa risiti iliyoandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, akaikunja, akaenda zake.

Bali kwetu tuna neema ambayo hapa imetoweka: muuzaji wa Kariakoo au Darajani hukuwashia kitu mbele ya macho yako kabla hujatoa senti. Nahuzunika nionapo neema hiyo ikipotezwa kwa kuwashiwa ndani ya stoo yenye giza, picha ikiwa na upana wa dhiraa moja. Mwombe muuzaji ailete penye mwanga wa duka, aisogeze nyuma hata picha ifike mita 2, na akuonyeshe picha yenye rangi, kwa sababu ziko projekta zinazong'arisha weupe ilhali rangi zake zimefifia.

Walakini tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni ya vyumba vyenyewe. Hapa, wakati wa baridi, saa kumi na moja jioni ni usiku, mapazia ni mazito, na lumeni 1,500 za haki zamtosha mtu na watoto wake. Darasa la kwetu madirisha yake yako wazi ili upepo upite, na somo ni la saa tano mchana. Chukua picha ya inchi 100, yenye eneo la mita za mraba 2.76: lumeni 3,000 huiangaza kwa luksi 1,100 hivi, yaani lumeni 1,100 kwa kila mita ya mraba. Ikiwa mwanga wa mchana uangukao juu ya kitambaa ni luksi 300, weupe utakuwa 1,400 na weusi 300, yaani mara nne na nusu na kidogo, na mwanafunzi wa nyuma atasoma. Kwa lumeni 200, weupe ni 372 dhidi ya 300 zilezile, na mwalimu atakuwa anasimulia picha isiyoonekana. Fauka ya hayo, balbu hufifia kadiri itumikavyo, na mwisho wa umri uliohesabiwa hubakiwa na nusu ya nuru yake.

Basi, ndugu yangu uliye ughaibuni, kabla hujatuma fedha wala mzigo, muulize aliyekuagiza chumba chake kina madirisha mangapi, kitatumika saa ngapi, na picha aitakayo ina upana gani. Kwa darasa la mchana usishuke chini ya lumeni 3,000 za ANSI au za ISO. Na fedha isipotosha, mnunulie iliyotumika yenye kipimo kilichotajwa kanuni yake, ukiisha kuangalia saa za balbu, kuliko mpya isiyo na shahidi.