Bariyeri Moja, Hesabu Mbili

Enzi za uanafunzi niliigawa mitandao ya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kwa kipimo chepesi: huku makundi ya biashara yanayosaka faida, kule ya wanaharakati yanayodai haki. Ya kwanza niliyaita soko, ya pili baraza. Mgawanyo huo ulinipendeza mpaka nilipotakiwa kuutetea kwa ushahidi wa wilaya zake za Masisi na Walikale.

Walikale ndiyo iliyoanza kuuvunja. Kati ya Julai 30 na Agosti 2, 2010, watu zaidi ya 300 walibakwa Luvungi na vijiji jirani, kwenye barabara ya Kibua kwenda Mpofi. Kambi ya Umoja wa Mataifa ilikuwa Kibua, kilomita 30 hivi, lakini vijijini simu hazikushika mtandao, na ukubwa wa maafa ulijulikana baada ya siku nyingi. Miaka hiyohiyo kasiteriti, madini ya bati, ya mgodi wa Bisie ilitoka msituni migongoni mwa wachukuzi, ikapakiwa kwenye ndege ndogo zilizotua juu ya barabara ya lami pale Kilambo na kuipeleka Goma. Ndege haitui barabarani kwa kubahatisha. Lazima mtu awe ameshasema kwamba mzigo uko tayari na njia ni nyeupe. Kwa hiyo habari za gunia zilikuwa na njia yake, za binadamu hazikuwa nayo. Kumbe soko lilitangulia, na baraza lilikuja kupita katika njia zilizokwisha kulimwa na wachuuzi.

LUCHA, vuguvugu la vijana wanaharakati, ilizaliwa Goma mwaka 2012, na simu zilipoenea makundi ya aina zote mbili yakahamia WhatsApp. Tofauti niliyoiona hapo haikuwa ya faida na haki. Ilikuwa ya nani anaulipia uongo. Mchuuzi wa maharagwe anayetuma sauti kwamba barabara ya Sake inapitika, kumbe lori limezama tope hadi ekseli, ataumbuka kabla ya jua kutua, na kesho hakuna atakayemsikiliza. Picha ya maiti isiyo na jina la kilima yaweza kuzunguka hadi Brussels wiki nzima, na aliyeituma asidaiwe neno. Ndiyo maana wanaharakati makini walijifunza kuulizia kwa watu wa barabara, wenye pikipiki na malori, kabla ya kutangaza.

Nitaambiwa soko husema kweli pale tu kweli inapolipa. Pingamizi hilo nalikubali, tena lina uzito kuliko nilivyopenda. Bariyeri ya wenye bunduki ikisimamishwa, kundi la wafanyabiashara huiandika kama bei: kiasi fulani kwa gunia, ongeza kwenye nauli. Hasira haimo, kwa sababu gharama itabebwa na mnunuzi. Ada ya RAM, ya usajili wa simu, iliyoanza kukatwa kwenye salio la simu mwaka 2020, iliwauma wote, lakini mwenye duka aliweza kuificha ndani ya bei ya sabuni. Wanaharakati ndio waliong'ang'ana, pamoja na wengine, mpaka ikafutwa 2022. Kudai kitu miaka miwili bila kupata senti ni kazi ambayo soko haliiwezi.

Lakini baraza nalo linaihitaji ile hesabu baridi. Kundi la waasi la M23 lilipouteka mji wa migodi wa Rubaya, Masisi, mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba ushuru wa madini ya koltani uliliingizia kundi hilo angalau dola 800,000 kwa mwezi. Kadirio la namna hiyo halisimami kwa hasira peke yake. Lazima ijulikane kilo imetozwa ngapi, na anayeijua kwa hakika ni aliyeilipa. Huyo naye, akikaribia bariyeri, hufuta ujumbe wote kwenye simu, maana simu hupekuliwa. Bei hubaki kichwani, mpaka amkute mtu wa kumwambia.