Kwa Miguu Kutoka Makambako



Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya hufika Makambako akakuta njia panda. Barabara moja yaendelea Mbeya hata Zambia, na nyingine yageuka kusini kwenda Njombe na Songea. Hapo pia yapita reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kwa hiyo mji wetu ni mji wa wapita njia: wenye malori, wenye mbao, wenye viazi, na wenye kungoja gari lililochelewa, na juu yao wote huvuma upepo ambao mgeni hausahau. Njombe, makao makuu ya mkoa ulioundwa mwaka 2012, iko mbele kiasi cha kilomita 60, juu ya vilima vinavyokaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Miezi ya Juni na Julai baridi yake ni kali hata asubuhi nyingine majani huwa meupe kwa umande ulioganda.

Njia hii nimeipita mara nyingi nikiwa nimeketi garini. Lakini mtu hakijui kilima mpaka akipande kwa miguu yake.

Nilipopita umri wa miaka 50, daktari aliniambia kwamba kuketi sana juu ya jamvi la chuo kumenidhuru, yanipasa kuutumikisha mwili. Nikaanza kwa kutembea baada ya sala ya alfajiri, kisha nikakimbia kidogo kidogo, na baada ya mwaka na zaidi nikaziweza kilomita 20. Wapo walionicheka, kwamba mzee mwenye ndevu nyeupe akimbia barabarani kama mtoto aliyetumwa chumvi. Wengine waliniuliza kwa staha kama jambo hili halivunji muruwa. Niliwajibu kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.), mara ya kwanza bibi alishinda, na baadaye yeye akamshinda bibi. Na sahaba Salama bin Al-Akwaa alisifika kwa wepesi wa miguu. Lililo lazima ni kusitiri mwili, kutoipuuza sala, na kutojidhuru.

Basi nikaazimia kukimbia masafa kamili ya marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195, masafa yaliyokimbiwa kwanza katika Olimpiki ya London mwaka 1908. Sikutaka kushindana na mtu. Nilipanga nianzie Makambako, nihesabu nguzo za kilomita mpaka zitimie, kisha nipande gari niende Njombe kwa ndugu zangu. Wanafunzi wangu wote niliwaambia, na hapo ndipo nilipoteleza kwanza, kwani nia inayotangazwa sana huingiwa na riya.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Julai. Nilisali alfajiri nikatoka, upepo ukinipiga ubavuni. Kilomita 10 za mwanzo nilikwenda kama kijana, nikiwapungia mkono waendesha bodaboda. Mashamba ya mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, na misindano imesimama safu safu kama watu waliokwisha kukimiwa sala. Vilima vya upande wa Mtwango vikaanza kunidai. Wapanda, washuka, wapanda tena, na hewa ya juu ni nyepesi. Mwili huweka akiba ya nguvu katika misuli na ini, na akiba hiyo kwa wakimbiaji wengi hukaribia kwisha kiasi cha kilomita 30. Mwenye pupa huimaliza mapema. Kwenye kilomita ya 31 miguu yangu ilikaza, nikaketi juu ya jiwe. Mama mmoja auzaye viazi alinipa maji, akasema, "Pole baba, gari laja." Gari likaja, nikapanda.

Kupanda gari hakukuwa kosa, kwani mwili una haki yake juu yetu. Kosa lilikuja siku ya tatu, chuoni. Mtoto wa miaka 9 aliniuliza, "Maalim, ulifika?"

Nikamjibu, "Nilifika, alhamdulillah."

Na kweli, Njombe nilifika. Watoto wakapiga takbiri. Maneno yangu yalikuwa ya kweli, na maana yake ilikuwa uongo. Somo letu la siku hiyo lilikuwa sifa za wajibu kwa Mitume, na ya kwanza ni sidki, yaani ukweli. Nilipofika hapo sauti ilinikauka, nikawaambia wafunge vitabu.

Nilikaa na jambo lile siku nne, na sala zangu hazikuwa na utulivu. Siku ya tano niliwakusanya nikawaeleza yote: kilomita 31, jiwe, mama wa viazi, na gari. Kikapita kimya. Kisha mtoto yule yule akasema, "Basi, Maalim, utakwenda tena lini?"

Niliwasimulia habari za John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Alianguka akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Mwezi wa Septemba 2025 Alphonce Simbu aliipatia nchi yetu ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo, kwa tofauti ya sehemu 3 katika 100 za sekunde. Wote wawili twawataja kwa heshima, wa kwanza na wa mwisho, kwa kuwa kila mmoja alimaliza alichokianza, na hakuna aliyedai asichokifanya.

Nilirudi njiani baada ya miezi kumi na miwili, na safari hii alijua mke wangu peke yake. Nilikwenda polepole, vilima nikivipanda kwa kutembea, na mfukoni nina tende. Nilitumia zaidi ya saa 6. Kwenye nguzo ya mwisho niliyoihesabu hapakuwa na mtu, ila ng'ombe wawili na mchungaji wao. Nikaongeza zile mita 195, nikasujudu sijda ya shukuru kando ya barabara. Na kwa kuwa masafa ya Makambako na Njombe hayafiki yale ya kukusuru sala katika madhehebu yetu ya Shafii, adhuhuri niliisali rakaa nne kamili, na kila rukuu magoti yalinikumbusha vilima nilivyovipita.

Vijana wangu, ikimbizeni miili yenu ingali na nguvu, lakini anzeni kwa kidogo kinachodumu, maana amali ipendwayo zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo hata ikiwa ndogo. Na mkiulizwa mmefika wapi, semeni mlipofika kwa miguu yenu.

Wabillahi tawfiq.