Matete Niliyoyakata Kilwa

Picha iliyonipatia sifa nyingi kuliko zote nilizowahi kupiga ni ya makinda watatu wa korongo mdogo, yule mwenye mgongo wa kijivu na utosi mweusi. Wamekaa kiotani juu ya maji ya Ziwa Mweru, midomo wazi, jua limewamulika mwili mzima. Niliipiga Kilwa ya Kongo, mwezi wa Septemba. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiwaambia watu kwamba niliwakuta hivyo. Si kweli. Nilikata matete kwa panga ndipo nikaipata.

Kamera nilikuwa nayo kwa muda wa miezi minne tu. Nilitoka Lubumbashi kwa njia ya Kasenga, zaidi ya kilomita 300 za vumbi, nikafikia kwa mjomba wangu ambaye ni mvuvi. Kilwa iko ukingo wa magharibi wa ziwa, kwa hiyo jua huchomozea ziwani, upande wa kile kisiwa chenye jina hilohilo ambacho ni cha Zambia. Anayeanza kupiga picha akisimama pale alfajiri hujiona fundi tayari, maana kila kitu kinapendeza.

Mjomba alinipigia kasia hadi kwenye matete. Kiota kilikuwa chini, ndani kabisa ya kivuli, na mabua yalikipita mbele mengi hivi kwamba kwenye kamera niliona rundo la vijiti tu. Mjomba akasema, "Mpwa wangu, kesho tuje kwa upande ule mwingine." Sikutaka kungoja kesho. Nilichukua panga lake mtumbwini nikafyeka nafasi ya kama mikono miwili. Mama yao aliruka, akaenda kutua kwenye mti mkavu uliosimama majini, shingo ameinyoosha, akitutazama. Tulikaa pale hadi saa nne. Muda wote huo hakurudi.

Niliporudi mjini nikaanza kuomba maoni. Lubumbashi ni mji unaojua picha. Mpiga picha Sammy Baloji alizaliwa hapa mwaka 1978, na maonyesho yaitwayo Picha aliyoyaanzisha na wenzake mwaka 2008 yamewazoesha watu wengi kuitazama picha ya mgodi au ya mtaa na kuuliza ina nini nyuma yake. Ndege ni jambo jingine. Wengi niliowaonyesha hawakuwahi kuona kiota cha korongo, na nakiri kwamba nilikuwa nikiwachagua hao hasa. Nilikuwa nikiuliza, "Ni nzuri, ama?" Mtu akiulizwa hivyo na kijana mwenye furaha, atajibu nini? Mmoja aliniambia makinda wanaimba. Nikalishika neno hilo, nikawa nalirudia kwa wengine.

Kisha nikaipeleka kwa mzee mmoja wa mtaa wa Kamalondo, mpiga picha wa siku nyingi aliyekuwa akinifundisha. Alivuta kioo chake cha kukuzia, akanyamaza kitambo. Akaweka ukucha kwenye ukingo wa kushoto. Pale palikuwa na bua lililokatwa mshazari, ndani yake jeupe kama mfupa. Mimi mwenyewe sikuwa nimeliona.

"Hili limekatwa na nani?"

"Wavuvi, baba. Nilikuta limekatwa."

Alitikisa kichwa, akasogeza kioo. "Na hawa, midomo iko wazi kwa nini?"

"Wanaomba chakula."

"Wanamwomba nani? Mtoto wa ndege akiomba chakula humwelekea mama. Hawa kila mmoja anatazama upande wake. Angalia koo zao zilivyovimba. Hawa wanahema, mwanangu. Ni joto." Akanirudishia picha. "Mwanga ni mzuri. Sasa uliza huko kama mama yao alirudi. Niletee habari hiyo kwanza."

Jioni ile nilimpigia simu mjomba. Hakuhitaji kwenda kuangalia, alikuwa anajua toka zamani. Siku ya pili baada ya mimi kuondoka alipita pale akitega nyavu, akakuta kiota kitupu. Kilichowachukua hakuna aliyekiona. Mwewe ni wengi majira yale, na kivuli nilikuwa nimeshakiondoa. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Uliniuliza kama picha ni nzuri," akasema. "Nikakujibu ni nzuri."

Maneno hayo yamenikaa kifuani kuliko karipio lolote. Kabla ya wote, mjomba ndiye aliyenikosoa, tena kabla sijabonyeza kamera, aliposema tuje kesho. Sikuyahesabu kuwa maoni kwa sababu hayakuhusu picha.

Nilirudi kwa mzee nikamwambia ukweli: panga, saa tulizokaa, kiota kitupu, na uongo nilioutoa mbele yake. Hakunifokea. Alisema, "Basi yote niliyokufundisha juu ya picha zako, sijui tena lipi linakufaa." Ni kweli. Ushauri wake kuhusu subira na umbali alikuwa akimpa mtu ambaye hayupo, mtu niliyemtunga.

Baadaye nilisoma habari za Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyepiga picha za simba usiku huko Afrika Mashariki miaka ya 1903 na 1904 kwa kulipua unga wa magnesiamu. Alikuwa akifunga mifugo hai iwe chambo. Ni jambo la kikatili, nami silitetei. Lakini kwenye kitabu chake cha 1905 alilieleza mwenyewe, kwa hiyo anayezitazama picha zake leo anajua anatazama nini. Waliotazama ya kwangu sikuwapa hata maelezo hayo.

Siku hizi kila picha ninayompelekea mzee ina karatasi yake: nilisimama umbali gani, nilikaa muda gani, niligusa nini, ndege alifanya nini. Mara nyingine anaisoma karatasi na kunirudishia picha bila kuitazama, nami naenda kuanza upya.

Ile ya makinda nimeitoa ukutani. Kama wewe ni mmoja wa niliowaonyesha, ukaisifu, nakuomba radhi. Hawakuwa wanaimba, wala hawakuwa wanaomba chakula. Walikuwa wanaungua jua.