Krismasi Marangu: ndafu, mbege na sukari ya babu

Ikifika katikati ya Desemba, mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa. Wachaga wanarudi nyumbani. Marangu, Rombo, Machame na Kibosho moshi wa jikoni haukatiki.

Chakula cha asili cha huko hakina ubaya. Mtori ni ndizi na nyama, kiburu ni ndizi na maharage, na mnafu, pamoja na uchungu wake, ni mboga ya kusifiwa. Kazi ipo kwenye kutembeleana. Nyumba tano kwa siku, kila moja ina pilau, nyama, soda na mbege, na kukataa ni kumvunjia heshima mwenye nyumba.

Hapo ndipo babu mwenye kisukari anapoumia, maana hatakataa sahani mbele ya wajukuu. Basi anayepakua ndiye amsaidie: mnafu mwingi kwanza, kipande cha ndafu kisicho na mafuta, wali kidogo. Badala ya soda apewe maji, bila kutangaza. Kibuyu cha mbege kikizunguka, aonje na kukipitisha. Hiyo ni pombe, hata ikiitwa ya kienyeji. Asubuhi asikae na njaa akisubiri ndafu, hasa kama anatumia dawa za kushusha sukari, maana inaweza kushuka mno.

Watoto wakishiba, wapelekeni kwa shangazi kwa miguu. Vihamba vimepakana, na mlima wenyewe utawatoa jasho. Gari libaki uani.