Funga Daftari, Mwanangu

Ndugu msomaji, kama unaye mtoto katika shule ya sekondari, lichukue daftari lake la Historia jioni ya leo ulipekue. Nilifanya hivyo mjini Mpanda, nyumbani kwa shemeji yangu, fundi baiskeli, ambaye mwanawe yuko kidato cha tatu. Hati ilikuwa safi, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Nikasoma sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba wakoloni walijenga reli ili kusafirisha malighafi. Nikamwuliza: reli ipi? Kijana akainama kwa adabu, akanyamaza.

Naye amekua akisikia honi ya garimoshi! Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, yapata kilomita 210, ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Risasi hii, ndugu msomaji, ni madini, si ile ya bunduki. Mgodi ule ulikwisha kufungwa zamani, reli ikabaki. Somo lote lilikuwa nje ya mlango wake, lakini daftarini lilikuwa maneno matupu.

Simlaumu kijana. Watoto wengi wa Katavi huanza na Kipimbwe, Kibende, Kikonongo au Kisukuma nyumbani, wakasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakifika sekondari hukuta masomo karibu yote ni ya Kiingereza. Na vitabu vikiwa haba, ubao ndio kitabu. Basi mkono hukimbia na akili hubaki nyuma.

Sisi waandishi wa habari tulionywa mapema chuoni kwamba anayeandika kila neno la msemaji hasikii asemalo. Mimi hupiga mstari wima ukurasani: upande mpana wa kulia huandika habari, na wembamba wa kushoto huuacha wazi. Baadaye, siku ile ile, hujaza kushoto maswali. Njia inayofanana na hii ilienezwa na Walter Pauk, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mwanafunzi wetu angeandika kushoto: «Kwa nini reli iliishia Mpanda?» Kisha afunike upande wa kulia kwa karatasi, ajibu kwa maneno yake mwenyewe, ndipo afunue na kusahihisha.

Kufunika huko ndiko kwenye faida, na ndiko wengi wanakokukimbia, maana kunachosha na kunaaibisha. Kusoma tena na tena ni kutamu. Macho huyazoea maneno, mtu akadhani ameyajua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, walitangaza jaribio lao. Wanafunzi waliosoma habari mara nne, baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40. Waliosoma mara moja tu, kisha wakajipima mara tatu bila kuitazama, walikumbuka asilimia 61. Lakini dakika tano baada ya kusoma, wale wa kwanza ndio waliokuwa mbele. Hapo ndipo anaponaswa mtoto anayekesha usiku wa kuamkia mtihani!

Basi ajipime leo, arudie kesho kutwa, halafu wiki ijayo. Aelewe kwanza kwa Kiswahili, bila kuona haya, ndipo aandike jibu kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho atakachotakiwa kukiandika katika mtihani wa kidato cha nne.

Shemeji yangu alilalamika kwamba yeye hakupita darasa la saba, atasaidia nini? Nilimjibu kuwa hahitaji kukijua Kiingereza. Wakati wa chakula cha jioni, daftari likiwa limefungwa, amwambie kijana: nieleze kwa Kiswahili mlichofundishwa leo. Asipoelewa yeye baba, aulize tena, «Kwa nini?» Kijana akikwama, hapo hapo ndipo pa kurudia kabla taa haijazimwa.